Jinsi ya kuvutia wasomaji wa tovuti kutoka vyanzo mbalimbali: Funzo la mashamba ya miwa Mayoni

MAYONI ni kituo cha biashara kilicho kando ya barabara itokayo Mumias kuelekea Bungoma, katika eneo bunge la Matungu, Kaunti ya Kakamega. Kama ilivyo kwa vituo vingi vya magharibi mwa Kenya, wateja wake hawaji kwa njia moja. Wako wanaoshuka kwenye matatu, wako wanaoletwa na bodaboda, wako wanaofika kwa miguu kupitia vijia vya mashambani, na wako wapita njia ambao hawakukusudia kununua chochote hadi walipoiona bidhaa. Barabara kuu ikiharibika, wale wa vijiani bado hufika. Hiyo ndiyo siri ya duka la kijijini kuishi miaka mingi.

Mashambani, hata hivyo, wakulima wa eneo hilo wameonja uchungu wa kutegemea njia moja. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka wa 1971, na kinu chake kikaanza kusaga miwa mwaka wa 1973. Kwa miongo kadhaa, familia nyingi za Mumias na Matungu zililima zao moja na kumwuzia mnunuzi mmoja. Kampuni hiyo ilipozama katika madeni, usagaji ulisimama, na mnamo Septemba 2019 benki ya KCB ikaiweka mikononi mwa meneja mrasimu. Desemba 2021 ilikodishwa kwa kampuni ya Sarrai Group kutoka Uganda, hatua iliyofuatwa na kesi mahakamani. Muwa huhitaji takriban miezi 18 hadi 24 kukomaa, hivyo mkulima aliyekwisha kupanda hakuweza kugeuza mkondo kwa usiku mmoja. Aliyekuwa na zao la pili au mnunuzi wa pili alitikisika. Asiyekuwa nalo aliporomoka.

Funzo hilo la miwa lawahusu pia watu ambao hawajawahi kushika jembe. Kila mwenye tovuti au blogu anamtegemea mtu mwingine amletee wasomaji. Yupo anayetegemea Facebook pekee, yupo anayetegemea Google pekee, na yupo ambaye wasomaji wake wote hutoka katika kundi moja la WhatsApp. Mambo yakiwa shwari, hesabu hupendeza. Siku mlango huo mmoja unapofungwa, tovuti hubaki kama kinu kisicho na miwa.

Makala haya yanaeleza vyanzo vya wageni wa tovuti, namna kila kimoja kinavyofanya kazi, udhaifu wake, na jinsi ya kuvichanganya ili kimoja kikikauka vingine viendelee kutiririka.

Mgeni wa tovuti ni nani?

Kabla ya kutafuta wageni, yafaa kujua kinachohesabiwa. Mgeni ni mtu, au kwa usahihi zaidi ni kivinjari cha simu au kompyuta, kilichofungua tovuti katika muda fulani. Ziara ni kule kuingia kwake mara moja na kusoma hadi anapoondoka. Ukurasa uliofunguliwa ni kila ukurasa aliousoma katika ziara hiyo. Mtu mmoja aweza kuzuru mara tatu kwa siku na kufungua kurasa kumi. Hizo si sawa na watu kumi.

Katika miaka ya mwanzo ya mtandao, wamiliki wengi walijisifu kwa idadi ya maombi yaliyofika kwenye seva. Hesabu hiyo ilipotosha. Ukurasa mmoja wenye picha kumi huita seva angalau mara 11, yaani mara moja kwa maandishi na mara moja kwa kila picha. Aliyesema ana maombi 11,000 huenda alikuwa amesomwa mara 1,000 tu, pengine na watu wachache kuliko hapo.

Programu za kupimia tovuti hutambua chanzo cha mgeni kwa njia rahisi. Msomaji anapobofya kiungo, kivinjari chake huijulisha seva ukurasa alikotoka. Asipotoka katika ukurasa wowote, kwa mfano akiandika anwani kwa mkono, huhesabiwa kuwa amekuja moja kwa moja. Hapo pana mtego unaofaa kukumbukwa: viungo vinavyobofywa ndani ya WhatsApp, katika arafa au katika baadhi ya programu za barua pepe mara nyingi havitoi taarifa ya vilikotoka. Kwa hivyo wengi wa wale wanaoitwa wageni wa moja kwa moja kwa kweli wametumiwa kiungo na rafiki.

Mitambo ya kutafutia habari

Chanzo cha kwanza kwa tovuti nyingi ni mitambo ya kutafutia habari, hasa Google, iliyoanzishwa mwaka wa 1998 na Larry Page na Sergey Brin waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Mtambo huo hutuma programu zinazotambaa kutoka kiungo hadi kiungo, husoma kurasa, huziweka katika faharasa kubwa, kisha huzipanga pale mtu anapouliza swali. Wazo la awali la waasisi wake lilikuwa kwamba kiungo kutoka tovuti moja hadi nyingine ni kama kura. Anayepigiwa kura na wengi, hasa na wenye heshima, huwekwa juu.

Ubora wa chanzo hiki ni kwamba mgeni huja akiwa na haja tayari. Chukulia, kwa mfano wa kufikiria tu, kijana wa Mayoni aliyeanzisha blogu ya kilimo. Anayeandika katika mtambo "bei ya miche ya ndizi Kakamega" hahitaji kushawishiwa kwamba ndizi ni muhimu; anahitaji jibu. Kijana huyo hawezi kushindana na tovuti kubwa za dunia kwa neno "kilimo" peke yake, lakini kwa maneno yanayotaja Matungu, Mumias au Mayoni washindani wake ni wachache. Udogo wa mahali huwa faida.

Maneno yatumike yale ambayo wasomaji wenyewe huyatumia. Wapo watakaoandika "parachichi", wapo watakaoandika "avokado". Wapo watakaosema "mbolea ya samadi" na wengine "mbolea ya ng'ombe". Makala yenye kichwa kinachoeleza wazi kilichomo, na inayotumia maneno hayo kwa njia ya kawaida bila kuyarudia hadi yakachosha, hupatikana kwa urahisi. Google pia hutoa bila malipo chombo kiitwacho Search Console, kinachomwonyesha mwenye tovuti maneno yaliyowaleta wasomaji wake. Orodha hiyo ni hazina, kwani humwambia ni maswali gani watu wanauliza ambayo hajayajibu.

Udhaifu wa chanzo hiki ni kwamba kanuni zake hubadilishwa na mwenye mtambo. Februari 2011 Google ilileta badiliko lililoitwa Panda, lililokusudiwa kushusha tovuti zenye makala mepesi yaliyoandikwa kwa wingi ili tu kunasa wapitao. Kampuni zilizokuwa zimejenga biashara nzima juu ya makala ya namna hiyo zilipoteza sehemu kubwa ya wageni. Tangu Mei 2024, Google imeanza pia kutoa majibu yanayotungwa na akili bandia juu kabisa ya matokeo yake, kwanza nchini Marekani na baadaye katika nchi nyingi. Anayepata jibu hapo huenda asifungue tovuti yoyote. Dawa iliyopo ni kuchapisha kile ambacho hakipatikani kwingine: bei zilizokusanywa sokoni asubuhi hiyo, mahojiano na mkulima, au historia iliyosimuliwa na wazee.

Kwa upande wa historia, Matungu ina utajiri. Hapo ndipo kilipo Kituo cha Utamaduni cha Nabongo, kinachohifadhi kumbukumbu za ufalme wa Wawanga, ambao Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka wa 1949, ndiye mtawala wake anayejulikana zaidi. Mumias yenyewe, iliyoitwa Elureko hapo zamani, ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani. Mwandishi wa eneo hilo aliye tayari kuketi na wazee ana habari ambazo hakuna mtambo unaoweza kuzitunga.

Viungo kutoka tovuti nyingine

Chanzo cha pili ni ujirani. Kabla ya mitandao ya kijamii kushamiri, blogu za Afrika Mashariki zilikua kwa kutajana. Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, alianzisha blogu ya Jikomboe mwaka wa 2004, na huhesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa kublogu kwa Kiswahili. Aliwahimiza wengine waanzishe zao. Mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka wa 2005, ikaja kuwa mojawapo ya blogu zilizosomwa sana Tanzania na ughaibuni. Nchini Kenya, Daudi Were aliwaunganisha wanablogu katika mviringo wa viungo, ambapo msomaji aliyemaliza blogu moja aliweza kuendelea hadi nyingine. Ilikuwa desturi kwa blogu kuweka pembeni orodha ya blogu jirani. Aliyemtembelea mmoja aliwafahamu wote.

Mfano ulio mzito zaidi ulitokea Januari 2008, Kenya ilipokuwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi. Mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika blogu ya Kenyan Pundit, alipendekeza kwenye blogu hiyo ramani ya kuonyesha mahali ghasia zilipotokea. Wanablogu na wataalamu wa kompyuta walioisoma, miongoni mwao Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, walishirikiana naye, na kwa muda wa siku chache tovuti ya Ushahidi ikawa hewani. Haikungoja watu waje kwa mlango mmoja. Ilipokea taarifa kupitia wavuti, barua pepe na arafa, kwa kuwa Wakenya wengi wakati huo walikuwa na simu lakini hawakuwa na intaneti.

Kwa mwenye tovuti wa leo, njia ya kupata viungo haijabadilika sana. Huandika jambo linalostahili kunukuliwa, huwataja wengine bila uchoyo, huwaandikia makala wahariri wa tovuti kubwa pale wanapopokea michango, na huwajulisha walimu, vyama vya ushirika na mashirika yanayoshughulikia mada yake kwamba makala hayo yapo. Kiungo kimoja kutoka tovuti inayoheshimiwa huleta faida maradufu: huleta wasomaji wake, na huwa kura mbele ya mitambo ya kutafutia habari. Kununua viungo au kuvimwaga ovyo katika maoni ya tovuti za watu ni hatari, kwani mitambo hiyo huwaadhibu wanaogunduliwa.

Mitandao ya kijamii na WhatsApp

Chanzo cha tatu ndicho chenye kelele nyingi zaidi. Facebook ilianzishwa mwaka wa 2004, Twitter mwaka wa 2006 na WhatsApp mwaka wa 2009. Ujio wa nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS katika mwambao wa Kenya mwaka wa 2009, pamoja na simu za bei nafuu, uliwafanya watu wengi wakutane na intaneti kwanza kupitia mitandao hiyo.

Uwezo wake ulionekana mapema vijijini. Francis Kariuki, aliyekuwa chifu wa Lanet Umoja karibu na Nakuru, alijulikana duniani mwaka wa 2012 kwa kutumia Twitter kuwaarifu wakazi kuhusu wizi, watoto waliopotea na mikutano ya kijiji. Jambo ambalo wengi waliosimulia kisa hicho walilisahau ni kwamba wakazi wengi hawakuwa na simu za kisasa. Walipokea maneno yake kama arafa za kawaida. Chifu huyo hakuwalazimisha watu wahamie mtandaoni. Aliupeleka mtandao mahali watu walipokuwa.

Lakini mitandao hii ni mashamba ya kukodi. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba Facebook ingetanguliza machapisho ya jamaa na marafiki mbele ya yale ya kurasa za kampuni na vyombo vya habari. Tovuti nyingi zilizokuwa zimejenga hadhira yake huko zilishuhudia wageni wakipungua. Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Twitter ilinunuliwa na Elon Musk mwaka wa 2022, na mwaka wa 2023 ikabadilishwa jina kuwa X. WhatsApp nayo, mnamo Aprili 2020, iliwekea kikomo ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi, ili upelekwe kwa gumzo moja tu kwa wakati mmoja, lengo likiwa kupunguza uvumi. Kila badiliko lilikuwa na sababu zake, lakini hakuna mwenye blogu wa kijijini aliyeombwa maoni.

Kwa hivyo mitandao ya kijamii itumike kama matatu: imshushe abiria karibu na duka, isigeuzwe kuwa duka lenyewe. Chapisho la Facebook lidokeze habari na kumwelekeza msomaji kwenye tovuti. Ujumbe wa WhatsApp uwe na kichwa, sentensi mbili za kueleza, na kiungo. Katika makundi ya ukoo, ya kanisa au ya chama cha akina mama, mwenye blogu asitume viungo kila saa. Kundi likichoka humwondoa, na sifa yake hufuata.

Barua pepe na arafa

Chanzo cha nne husahauliwa na wengi, nacho ndicho kilicho karibu zaidi na mali ya mtu mwenyewe. Ni orodha ya wasomaji walioomba wenyewe kujulishwa kila makala mapya yanapotoka. Facebook ikifungwa kesho, orodha hiyo hubaki. Google ikibadilisha kanuni, orodha hiyo haiguswi. Msomaji aliyejiandikisha pia ana uwezekano mkubwa wa kurudi kuliko mpita njia.

Barua pepe huwafaa wafanyakazi wa ofisini na Wakenya walio ughaibuni, ambao wengi wao hutamani habari za nyumbani. Arafa huwafaa walio mashambani, ingawa kila moja hugharimu pesa. Vyovyote iwavyo, idhini ni lazima. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nchini Kenya inataka taarifa za mtu, nambari ya simu ikiwemo, zikusanywe kwa sababu iliyo wazi na zisitumiwe kibiashara bila ridhaa yake. Kunakili nambari kutoka daftari la mkutano na kuanza kuzitumia matangazo ni kosa, mbali na kuwa ni utovu wa adabu. Kila ujumbe uonyeshe pia namna ya kujiondoa.

Njia zisizo za mtandao

Chanzo cha tano hakiko mtandaoni kabisa. Katika sehemu kama Mayoni redio ingali na nguvu. Vituo kama Mulembe FM na West FM husikilizwa sana katika eneo la magharibi. Mwenye tovuti aliyealikwa kueleza bei za mazao au historia ya mahali katika kipindi kimoja aweza kuwafikia watu ambao hawajawahi kumsikia. Baraza la chifu, mkutano wa wazazi shuleni, tangazo la kanisani au msikitini, na karatasi iliyobandikwa kwenye duka la pembejeo vyote ni milango.

Ili milango hiyo ifae, anwani ya tovuti lazima itamkike. Anwani ndefu yenye nambari na mikwaju haiwezi kusomwa redioni ikakumbukwa. Kikoa kifupi chenye tamati ya .ke, zinazosimamiwa na shirika la KENIC, hugharimu ada ndogo ya kila mwaka, na humpa mwenyewe faida nyingine kubwa: akihama kutoka kampuni moja ya kuhifadhi tovuti hadi nyingine, anwani haibadiliki. Waliojenga kurasa zao bila malipo katika GeoCities ya Yahoo waliona uzito wa jambo hili huduma hiyo ilipofungwa Oktoba 2009. Anwani zao zilizimika, na viungo vyote vilivyoelekezwa kwao vikawa njia zisizofika popote.

Matangazo na wageni wa kununuliwa

Wapo wanaolipia matangazo katika Google au Facebook. Si jambo baya, mradi hesabu ifanywe. Tangazo huleta wageni siku ile linapolipiwa, na huwa limekatika pesa zinapokwisha. Hufaa kwa mwenye bidhaa ya kuuza na anayejua faida ya kila mteja. Kwa blogu isiyouza chochote, fedha hizo mara nyingi ni heri zitumike kununua kikoa, kulipa nauli ya kwenda kufanya mahojiano, au kununua bando.

Jambo la kuepukwa ni wale wanaoahidi wageni 10,000 kwa bei ya chai. Wengi wa wageni hao ni programu zinazofungua kurasa na kuondoka. Hazisomi, hazinunui, hazirudi. Zaidi ya hayo, mwenye tovuti anayepata mapato kupitia AdSense, mpango wa matangazo ulioanzishwa na Google mwaka wa 2003, aweza kufungiwa akaunti akigunduliwa kuwa na mibofyo bandia. Vichwa vya habari vya uongo vina mwisho huohuo. Msomaji aliyedanganywa mara moja kwa kichwa kisichofanana na makala hukumbuka. Njia ya mwongo ni fupi.

Mgeni akishafika

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni usemi huo una ukweli nusu. Hata chema huhitaji kutembezwa, kwa kuwa makala mazuri yasiyopitiwa na mtu hayawezi kusifiwa. Lakini kibaya kikitembezwa hufa haraka zaidi, kwa sababu wengi watakuwa wamekiona. Ndiyo maana kazi ya kuvuta wageni haitenganiki na kazi ya kuwapokea.

Kizuizi cha kwanza ni uzito wa ukurasa. Msomaji wa Mayoni mara nyingi husoma kwa rununu, kwa bando alilonunua kwa shilingi chache. Ukurasa wenye picha kubwa zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera humlia bando na kumchelewesha. Picha zikipunguzwa ukubwa kabla ya kupakiwa, ukurasa uleule hufunguka upesi hata mtandao ukiwa dhaifu. Wasomaji wa Kenya waliukumbuka udhaifu huo Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na mawasiliano yakazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, ukurasa mwepesi husomeka na mzito hukwama.

Kizuizi cha pili ni ukurasa usio na njia ya kuendelea. Mgeni aliyekuja kwa Google kusoma kuhusu miche ya ndizi aonyeshwe pia makala kuhusu magonjwa ya ndizi, soko la ndizi, na mahali pa kujiandikisha. Hapo mpita njia hugeuka mteja wa kudumu. Kizuizi cha tatu ni tarehe. Bei isiyo na tarehe ni hatari kwa mkulima. Aweza kuuza kwa hasara akidhani anasoma bei ya leo. Kila makala yawe na tarehe, na yakisahihishwa, msomaji aelezwe.

Kupima na kusawazisha

Mara moja kwa mwezi, mwenye tovuti aketi na karatasi. Aandike vyanzo vyake vyote na idadi ya wageni waliotoka kwa kila kimoja, kisha ajiulize swali moja: chanzo kikubwa kuliko vyote kikizimika usiku huu, kesho watabaki wangapi? Iwapo jibu ni wachache mno, huo si wakati wa kusherehekea idadi kubwa. Ni wakati wa kupanda zao la pili.

Haina maana kwamba mtu mmoja ashughulikie milango yote siku moja. Anayeanza aweza kuchagua miwili, kwa mfano makala yanayojibu maswali ya watu ili yapatikane kwenye mitambo ya kutafutia habari, pamoja na orodha ya WhatsApp ya walioomba kujulishwa. Miezi michache baadaye aongeze ujirani na tovuti nyingine, kisha redio. Aidha, asitazame wingi pekee. Chanzo kinacholeta wasomaji 40 wanaosoma hadi mwisho na kurudi chaweza kuwa na thamani kuliko kinacholeta 1,000 wanaoondoka bila kusoma aya ya kwanza.

Jambo la kutofautisha ni kati ya mali na mkopo. Kikoa, makala yenyewe, nakala zilizohifadhiwa pembeni, na orodha ya wasomaji walioridhia ni mali. Nafasi ya juu katika Google, wafuasi wa Facebook na makundi ya WhatsApp ni mkopo unaoweza kudaiwa wakati wowote. Mwenye busara hutumia mkopo kuongeza mali: kila mgeni anayeletwa na mitandao humpa sababu ya kurudi mwenyewe siku nyingine.

Kwa mkulima wa Mayoni, somo hili lilifunzwa kwa gharama kubwa, kwa miwa iliyokosa mnunuzi na karo iliyokosa mlipaji. Kwa mwenye tovuti gharama yaweza kuwa ndogo, iwapo atajifunza mapema. Afungue milango yote anayoimudu ilhali mlango mkuu ungali wazi, kwa kuwa ukishafungwa, atakuwa amechelewa kama yule aliyekumbuka kupanda mahindi siku kinu kiliponyamaza.